Kwa nini mtoto mnene hurefuka mapema, kisha husimama

Msichana wa darasa la nne akivunja ungo, mtaa mzima huwa na jibu: kuku wa kisasa. Kuku wamechomwa homoni, watoto wamekula kuku, watoto wamebalehe. Jibu hili husemwa kwa uhakika jikoni, saluni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, kiasi kwamba hakuna anayetazama kwingine. Mtoto mwenyewe ana miaka 9 na kilo 44, na kilo hizo hazijawahi kumshtua mtu. Tangu mdogo ameitwa bonge, amebinywa mashavu, na mama yake amepongezwa kwamba mtoto ana afya.

Kilo hizo ndizo za kutazamwa kwanza. Mafuta ya mwili hayakai tu kama mzigo mgongoni. Yanatengeneza homoni, yanaongea na ubongo, na yanaingilia ratiba ya mifupa. Ndiyo maana mtoto mnene mara nyingi huwa mrefu kuliko wenzake akiwa na miaka 8, kisha akifika 15 wenzake wanamfikia, na wengine wanampita.

Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopita kiasi duniani wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara haijafika hapo. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini takwimu ya nchi nzima haionyeshi yaliyomo darasani. Kwenye shule moja ya mjini utamkuta aliyedumaa ameketi jirani na mwenye kilo mara mbili yake, na wakati mwingine ni mtoto mmoja: alidumaa akiwa na miaka 2, akanenepa akiwa na 7.

Maneno kwanza

Wataalamu wa lishe huita unene uliopita kiasi kiribatumbo. Chini yake ipo hatua ya onyo, uzito uliozidi. Vyote viwili hupimwa kwa BMI: chukua kilo za mtoto, gawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti yetu wa miaka 9 ana kilo 44 na urefu wa sentimita 139. Zidisha 1.39 kwa 1.39 upate 1.93, gawanya 44 kwa 1.93, jibu ni 22.8.

Wazazi wengi hupotea hapa, kwa sababu 22.8 kwa mtu mzima ni uzito mzuri kabisa. Mtoto hapimwi kwa viwango vya mtu mzima. Kwa msichana wa miaka 9, chati ya Shirika la Afya Duniani inaweka katikati penye 16.1. Akipita 18.3 ana uzito uliozidi, akipita 21.5 ana kiribatumbo. Kwa mvulana wa umri huo mipaka ni 17.9 na 20.5. Kila umri una mipaka yake, hivyo mwulize muuguzi au daktari akuonyeshe mstari wa umri wa mwanao badala ya kubahatisha.

Neno la pili ni kubalehe. Wengi hulitumia kwa siku moja: siku ya damu ya kwanza kwa msichana, au siku sauti ilipokatika kwa mvulana. Kwa daktari, kubalehe ni safari ya miaka kadhaa, na siku hizo mbili ziko mbali na kituo cha kuanzia. Msichana huanza kwa kuota matiti, kati ya miaka 8 na 13. Damu ya kwanza huja miaka miwili hadi miwili na nusu baadaye. Mvulana huanza kwa korodani kukua, kati ya miaka 9 na 14. Daktari huzilinganisha na kamba ya shanga za mbao au plastiki zenye ukubwa tofauti, na shanga ya mililita 4 ndiyo alama kwamba safari imeanza. Msichana akianza kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya 9, hiyo ni balehe ya mapema na inahitaji uchunguzi. Asipoanza kabisa hadi 13 kwa msichana au 14 kwa mvulana, imechelewa, na nayo inahitaji uchunguzi.

Fanya hesabu ya kurudi nyuma. Aliyevunja ungo akiwa na miaka 9 alianza kuota matiti akiwa na 7 hivi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kwenda hospitali. Mtaa ulipoanza kuzungumza, miaka miwili ilikuwa imekwisha kupita.

Nyumba inayoezekwa kabla ya kozi kukamilika

Mifupa mirefu ya mtoto ina, karibu na ncha zake, tabaka laini liitwalo gegedu la ukuaji. Huko ndiko urefu unakotengenezwa. Ifikirie kama nyumba inayojengwa: mafundi wanapanga tofali kozi baada ya kozi, na ukuta unapanda. Mtoto wa kawaida, tangu miaka 4 hadi kabla ya balehe, hupanda sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Balehe ikianza mafundi huongezwa: wasichana hufika sentimita 8 hivi kwa mwaka, wavulana 9 au 10. Kisha inamwagwa lenta, paa linaezekwa, na kuanzia hapo hakuna tofali linaloongezwa.

Kinachoongeza mafundi na kinachoezeka paa ni homoni ileile, estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana pia. Mwaka 1994 madaktari nchini Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni. Alikuwa na sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa ya kijana wa miaka 15. Testosteroni, homoni ya kiume, alikuwa nayo ya kutosha. Paa lake tu halikuwa na wa kuliezeka.

Kwa mtoto mwenye mafuta mengi, mambo matatu hutokea pamoja. Kwanza, insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, hupanda, kwa kuwa mwili uliojaa mafuta hauiitikii vizuri na kongosho hulazimika kutoa zaidi. Insulini hiyo nyingi husukuma gegedu la ukuaji lifanye kazi kwa kasi. Kwa hiyo mtoto hurefuka haraka ingawa homoni yenyewe ya ukuaji, ukiipima kwenye damu, mara nyingi huwa chini. Pili, tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, huamka mapema na kumwaga homoni za kiume kidogo, kwa wasichana kama kwa wavulana. Tatu, mafuta yenyewe yana kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili, kinachogeuza homoni hizo za kiume kuwa estrojeni.

Matokeo yake, umri wa mifupa hutangulia umri wa kuzaliwa. Mtoto ana miaka 9 kwenye cheti, mifupa ina 11. Ndugu wanafurahi kwamba huyu atakuwa mrefu kama babu yake. Ukweli ni kwamba sentimita alizonazo ni za mkopo: amezichukua mapema kutoka kwenye miaka ijayo, na mwishoni zitakatwa. Kwa wastani watoto hawa hawaishii kuwa warefu kuliko wenzao, na baadhi hupungukiwa.

Msichana akishavunja ungo, mara nyingi hubakiza sentimita 5 hadi 7 tu. Wanaovunja ungo mapema huongeza kidogo zaidi. Huyu wa sentimita 139 huenda akaishia kwenye 146 hadi 149. Alikuwa anasimama mstari wa nyuma kwenye picha ya darasa. Akifika kidato cha pili atakuwa mstari wa mbele.

Mzazi anaweza kukadiria kimo ambacho mtoto angefikia. Jumlisha urefu wa baba na wa mama. Kwa binti toa 13, kwa mvulana ongeza 13, kisha gawanya kwa 2. Baba wa sentimita 172 na mama wa 160 wana matarajio ya binti wa 159 au 160 na mvulana wa 172 au 173, na kila jibu linaweza kwenda juu au chini kwa sentimita 8 hadi 10. Ni makadirio, lakini yanasaidia kuona pengo.

Ubongo unajuaje kwamba mwili umenenepa?

Hadi 1994 hakuna aliyekuwa na jibu kamili. Mwaka huo Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe. Iliitwa leptini. Kazi yake ni kama ya mtunza ghala anayepeleka taarifa kwa mwenye nyumba kwamba akiba ipo. Ubongo unaihitaji taarifa hiyo, kwa sababu mimba na kunyonyesha hula chakula kingi, na mwili usio na akiba haufungui njia ya uzazi. Msichana mwembamba sana, au mwanariadha anayejinyima chakula, hukosa hedhi kwa sababu hiyohiyo. Na ndivyo ilivyokuwa Ulaya: katika karne ya 19 wasichana wengi walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au 17; chakula kilipoongezeka na maradhi kupungua, umri ulishuka hadi 13 hivi.

Wapo watoto wachache waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Hao hunenepa vibaya sana, kwa kuwa ubongo hauambiwi kwamba wameshiba, lakini hawabalehe mpaka wapewe homoni hiyo kwa sindano. Jambo hilo linafundisha kitu ambacho mazungumzo ya mtaani hukiacha: mafuta peke yake hayamfanyi mtoto abalehe. Ni taarifa yake inayofungua mlango, na ubongo ndio unaoamua kuingia. Kwa hiyo si kila mtoto mnene atabalehe mapema, na si kila anayebalehe mapema ni mnene. Urithi una sehemu kubwa. Mama aliyevunja ungo akiwa na miaka 10 asishangae binti yake akimfuata.

Na kuku je? Kuku wa nyama hufika kilo 2 ndani ya wiki 5 au 6 kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miongo mingi na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiiweka kwenye pumba, tumbo la kuku litaimeng'enya kama chakula kingine. Ingebidi kila kuku achomwe sindano tena na tena, na hakuna mfugaji wa vifaranga 500 mwenye muda au fedha za hilo. Hofu ya kweli kwa kuku hao ni viuavijasumu vinavyotumiwa ovyo, na hilo ni tatizo la usugu wa dawa, halihusiani na balehe. Kwenye sahani ya mtoto, kinachofaa kuulizwa ni mafuta yaliyomkaangia kuku huyo, chipsi zilizo kando yake na soda ya kuteremshia.

Titi au mafuta?

Hili huwachanganya hata wahudumu wa afya. Msichana mnene wa miaka 6 anaweza kuwa na kifua kilichojaa bila kuwa ameanza kubalehe, na mwenzake akawa ameanza na mama akadhani ni unene tu. Macho hayatoshi, inabidi kugusa. Mtoto alale chali, kwa sababu akisimama au kuketi mafuta hujikusanya mbele. Kwa vidole viwili, mama abonyeze taratibu chini ya chuchu. Titi linaloota huhisika kama kitufe cha shati: kigumu kidogo, cha mviringo, chini ya chuchu kabisa, na mara nyingi huuma kikiguswa. Linaweza kuanza upande mmoja na la pili likafuata baada ya miezi. Hilo ni kawaida na si uvimbe. Mafuta huwa laini kote, hakuna kitufe, na katikati chini ya chuchu huhisika kama pamebonyea.

Nywele za kinena na harufu ya kwapa si ushahidi wa kutosha kwamba balehe imeanza. Mara nyingi ni zile tezi za adrenali zilizoamka mapema, jambo linalowapata zaidi watoto wanene. Zikitokea kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, mtoto aonwe na daktari, lakini mzazi ajue hizo ni njia mbili tofauti.

Kwa wavulana picha ina utata zaidi. Utafiti kadhaa umeonyesha wenye uzito uliozidi wakianza mapema kidogo, huku wenye kiribatumbo hasa wakichelewa. Sababu mojawapo ni kile kimeng'enya cha mafuta: kinapogeuza testosteroni kuwa estrojeni, ubongo husoma kwamba homoni zipo za kutosha na hupunguza amri kwa korodani. Mvulana huyohuyo anaweza kuota matiti, na hapo huanza kuvaa sweta kwenye jua la saa saba na kukataa kuvua shati mbele ya wenzake. Akikataa kwenda kuogelea, msimlazimishe kabla hamjajua sababu.

Kuna pia hofu ambayo wazazi huinong'ona: kwamba uume wa mtoto ni mdogo mno. Kwa mvulana mnene, mara nyingi uume ni wa kawaida, umefunikwa na mafuta ya kinena. Daktari hupima kwa kubonyeza mafuta hayo hadi mfupa ndipo aweke rula. Dawa za mitishamba na mafuta ya kupaka yanayouzwa kwa ajili hiyo hayana kazi yoyote hapo, na yakiwa na homoni yanaweza kuharakisha balehe yenyewe.

Shingo ambayo haisuguliki

Tazama nyuma ya shingo ya mtoto. Kama ngozi imekuwa nyeusi, nene, yenye mikunjo laini kama kitambaa cha mahameli, na kwapani vilevile, hiyo si taka. Watoto wengi wamesuguliwa hapo kwa dodoki, kwa jiwe, kwa sabuni ya mche, hadi ngozi ikachubuka, na weusi ukabaki palepale. Ni alama ya insulini iliyopanda, ile iliyokuwa ikiwahimiza mafundi. Mtoto mwenye alama hiyo anahitaji kupimwa sukari, kwa sababu kisukari aina ya 2, kilichokuwa cha watu wazima, sasa hukutwa kwa vijana walio katika balehe. Balehe yenyewe, hata kwa mtoto mwembamba, hupunguza mwitikio wa mwili kwa insulini; ukiongeza unene, mzigo unakuwa mara mbili. Weusi huo hupungua insulini ikishuka, wala si kwa kusuguliwa.

Insulini hiyohiyo huwasumbua wasichana upande mwingine. Husukuma mifuko ya mayai kutoa homoni nyingi za kiume, na matokeo yake ni hedhi inayopotea miezi mitatu minne, chunusi ngumu na ndevu kidevuni. Mwaka wa kwanza au miwili baada ya kuvunja ungo, hedhi isiyo na mpangilio ni kawaida kwa msichana yeyote. Baada ya miaka mitatu si kawaida tena.

Goti linalouma, tatizo liko nyongani

Mfupa unaokua kwa kasi huku umebeba kilo nyingi una udhaifu mmoja ambao kila mzazi na mwalimu wa michezo anapaswa kuujua. Gegedu la ukuaji lililo juu ya fupa la paja linaweza kuteleza, kichwa cha mfupa kikahama kama aiskrimu inayoteleza kwenye koni. Humpata zaidi mtoto mnene aliye katika miaka ya balehe. Anachechemea, mguu umegeukia nje, na kinachopoteza watu ni kwamba mara nyingi hulalamikia goti. Goti linapigwa picha, linaonekana zima, anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Mtoto mnene mwenye umri wa balehe anayechechemea apigwe picha ya nyonga zote mbili siku hiyohiyo, na asikanyage mguu hadi majibu yatoke. Kuchelewa kunaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa, na hapo kilema huwa cha maisha.

Matege ya mtoto mdogo ambayo hayanyooki baada ya miaka 2 hadi 3, hasa kwa mtoto mzito aliyeanza kutembea mapema, nayo yaonwe. Si kila matege ni ya kukosa jua.

Mnene na mfupi ni habari nyingine

Yote yaliyotangulia yanamhusu mtoto mnene aliye mrefu kwa umri wake. Mtoto anayenenepa huku harefuki ni swali tofauti. Huenda tezi ya shingo haitoi homoni ya kutosha, huenda kuna tatizo kwenye tezi za adrenali au la kurithi, au ni yule aliyedumaa utotoni kisha akanenepa. Kwetu kuna sababu nyingine inayosahaulika: steroidi. Deksamethasoni na predinisoloni huuzwa madukani na kuchanganywa kwenye vidonge vya kunenepesha na vya kuongeza hamu ya kula. Krimu kali za ngozi nazo hupakwa mtoto kwa miezi. Dawa hizi huviringisha uso, hujaza shingo na tumbo, na husimamisha ukuaji wa mifupa. Mama aliyempa mtoto wake vidonge hivyo ili "apate mwili" asivikatishe ghafla nyumbani ikiwa mtoto amevitumia kwa wiki kadhaa. Mwili huwa umeacha kutengeneza steroidi yake na kukatisha ghafla kunaweza kuua. Ampeleke hospitali na pakiti mkononi.

Penseli ukutani

Kadi ya kliniki hufungwa mtoto akitimiza miaka 5. Baada ya hapo hakuna anayempima mpaka augue, na hiyo ndiyo miaka ambayo yote haya huanza. Pengo hilo mzazi anaweza kuliziba kwa penseli.

Chagua ukuta ulionyooka na sakafu isiyo na zulia. Mtoto avue viatu, afumue nywele zilizofungwa juu, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kwa pembe mraba, upande mmoja ukigusa ukuta, chora mstari, andika tarehe. Rudia mara ya pili. Zikipishana zaidi ya nusu sentimita, pima ya tatu. Pima asubuhi kila mara, kwa sababu jioni mtu hupungua kama sentimita moja. Fanya hivyo kila miezi mitatu pamoja na uzito, lakini kasi ihesabu kwa mwaka mzima, au angalau miezi sita. Kabla ya balehe, chini ya sentimita 4 kwa mwaka ni kidogo mno. Sentimita 8 kwa mwaka akiwa na miaka 6 au 7 si jambo la kushangilia; ni la kupeleka kwa daktari.

Huko ataulizwa maswali, atachunguzwa matiti au korodani, na kama kuna shaka atapigwa picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto. Mifupa midogo ya hapo hujitokeza kwa mpangilio unaojulikana, na daktari huisoma kama pete za mti. Mvulana aliyeanza kabla ya miaka 9 huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kwake kuna uwezekano mkubwa zaidi wa chanzo kilicho ndani ya kichwa, uvimbe ukiwemo. Zipo sindano za kusimamisha balehe, za kila mwezi au kila miezi mitatu. Ni ghali, hazipunguzi uzito, na kwa upande wa kimo huwasaidia zaidi walioanza kabla ya miaka 6. Mabingwa wa homoni za watoto bado ni wachache, ingawa tangu 2008 Nairobi imekuwa na mafunzo yao kwa madaktari wa Afrika.

Kilo za kusubiri

Usimnyime mtoto chakula. Mtoto ana dawa ambayo mtu mzima hana: anarefuka. Mwenzake wa darasa la nne mwenye kilo 44 na sentimita 139 ambaye bado hajaanza kubalehe, akibaki na kilo 44 kwa miaka miwili huku akiongeza sentimita 11, atakuwa na BMI ya 19.6. Kwa msichana wa miaka 11, mpaka wa uzito uliozidi ni 19.9. Amerudi salama bila kupunguza kilo hata moja.

Lakini "akirefuka atapungua", kama wasemavyo wakubwa, hakutokei kwenyewe. Ni lazima kilo zisimame, na kinachozisukuma zaidi ni sukari ya kunywa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, vijiko vya chai 7 au 8. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona bora hakizidi vijiko 6 kwa siku nzima, na hicho ni cha mtu mzima. Hesabu na juisi ya pakiti, na chai yenye vijiko vitatu asubuhi na jioni. Ukiondoa hivyo tu, ukaacha ugali, wali na maharage vilevile, tofauti itaonekana. Kisha pesa ya shule: shilingi zile zile zinazonunua chipsi zinanunua muhindi wa kuchoma, ndizi, yai la kuchemsha au karanga. Sahani ya mtoto isiwe ya baba, na asilazimishwe kumaliza.

Mtoto wa shule anahitaji saa moja ya kutoka jasho kila siku. Mtoto anayechukuliwa na basi mlangoni saa kumi na moja alfajiri na kurudi kutoka tuisheni saa mbili usiku hana saa hiyo, wala hana usingizi wa saa 9 anaouhitaji angalau. Homoni ya ukuaji humwagwa zaidi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Akikoroma na kukatika pumzi, usingizi huo huvurugika, na watoto wanene hukoroma zaidi.

Na kwa aliyekwisha vunja ungo akiwa na miaka 9: umri wake ni 9. Mwili wake unawafanya watu wamtarajie awe na akili ya miaka 13, mwalimu anamkemea kama mkubwa, wanaume wa kijiweni wanamwita majina. Kama desturi ya nyumbani inataka afundwe, mafunzo yawe ya usafi, hedhi na kujilinda. Mengine yasubiri. Mfungashie kwenye begi pedi mbili, chupi ya akiba na mfuko wa plastiki, mwonyeshe namna ya kuvitumia akiwa nyumbani, nenda ukaongee na mwalimu mmoja wa kike anayemwamini, na mwambie binti jina la mwalimu huyo kabla ya kesho asubuhi.